Kiu ya Dyna ya Munyemana

Hadithi hii hakuna atakayeiamini, na simlaumu mtu. Hata mimi, mjomba wenu Ladislas, ningeisikia kwa mwingine ningemshika kipaji cha uso nione kama ana malaria. Lakini nusu yake niliiona kwa macho yangu, nusu nimesimuliwa na waliokuwepo, na pale ambapo hakuna aliyekuwepo nimejaza kwa akili, maana darasa la sita nililisoma mara mbili.

Kuna mwanamume hapa Kamembe, Rwanda, anaitwa Munyemana. Ni dereva. Alikaribia kupoteza ufunguo wa gari, ushemasi wake na jina alilolijenga kwa miaka kumi na minane, bila kuiba, bila kulewa, bila kumtazama mke wa mtu. Alikaribia kuvipoteza kwa sababu aliyahurumia mafuta ya mwajiri wake. Aliyahurumia mno.

Munyemana ni Mnyarwanda aliyezaliwa ng'ambo, Kongo, akakulia kwenye vilima vya Bukavu. Kama wengi wetu, alirudi huku na vitu vitatu: mke, godoro na Kiswahili. Godoro limekwisha zamani. Mke, Gracia, yupo, na Kiswahili ndicho wanachotumia kugombana. Munyemana ni mtu mnene wa mikono, mpole wa sauti, na Jumapili ndiye aliyekuwa akipitisha kikapu cha sadaka kanisani, ameinamisha kichwa kama vile sarafu zinamwonea haya. Lakini mweke kwenye usukani umwone. Kiatu chake cha kulia huisha soli miezi minne kabla ya cha kushoto. Madereva wenzake walimwita Papa Radi.

Msimcheke bado. Mjue kwanza alikojifunzia.

Alijifunzia Bukavu, miaka ile mazutu, yaani dizeli, hukuyanunua kituoni, uliyanunua kwa kadafi, yule kijana anayekaa kando ya barabara na chupa na bido, madumu yake ya mafuta. Ulipata lita mbili, ukipendwa tatu, na safari ilitaka tano. Mwalimu wake, mzee mmoja anaitwa Mirindi, alimfundisha sheria moja tu, na hiyo sheria alimfundisha akiwa amemshika sikio: "Moteri iko kama taa, mutoto wangu. Ikiwaka saa mbili, inakunywa ya saa mbili. Ikiwaka saa moja, inakunywa ya saa moja. Sasa weye kimbia, uizime mbio."

Mtu mwenye akili timamu atapinga nini hapo? Taa ya mafuta ndivyo ilivyo. Munyemana akaishika sheria hiyo kama Amri ya Kumi na Moja. Gari likitembea dakika chache, litakunywa kidogo. Na mshale wa mafuta ukishuka, sheria iliongezeka nguvu: kanyaga, ufike kabla hayajaisha. Waliokuwa wakimwambia mwenda pole hajikwai aliwajibu kwamba hiyo methali ilitungwa na mtu wa miguu.

Sasa, mwajiri wake. Mukamurenzi ni mfanyabiashara wa nyanya na kabichi, mjane, mwenye sauti ya kukata kabichi hizo bila kisu. Ananunua kwa wakulima wa Gitambi, anateremsha mzigo mpaka mpakani, Rusizi II, ambako mamaa wa Bukavu wanavuka daraja kuja kuuchukua. Ana magari mawili ya Toyota Dyna, mapacha, yaliyotengenezwa mwaka uleule. La bluu liliendeshwa na Munyemana. Jeupe liliendeshwa na Karim, kijana mwembamba anayeendesha kama mtu aliyepakata sufuria ya mchuzi. Wote wawili walipita njia ileile, mara mbili kwa siku, na mzigo uleule. Na kila siku ya tatu yote mawili yalijazwa tanki mpaka shingoni, kwenye kituo kimoja, kwa mpira mmoja.

Hapo ndipo shetani alipokaa. Dyna ya Karim ilijazwa lita thelathini na tisa. Ya Munyemana, hamsini na saba. Wiki ya kwanza ya kulinganisha risiti Mukamurenzi aliipuuza tofauti hiyo. Wiki ya pili alikaza macho. Wiki ya nne alimngojea Munyemana pale maegeshoni Rusizi II, mbele ya madereva, mbele ya wapagazi, mbele yangu mimi niliyekuwa napita kutafuta sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani.

"Papa Munyemana," alisema, "ile lita kumi na nane iko inalala wapi?"

"Lita gani, Maman?"

"Njia moja, nyanya moja, gari mapacha. Karim thelathini na tisa, weye hamsini na saba. Kumi na nane iko bido nzima, Papa. Kama bakadafi ya Bukavu banakulipa muzuri, sema, na mi nije kuuza."

Watu wakacheka. Munyemana hakucheka.

"Maman, mi niko shemasi!"

"Yuda naye alishikaka mufuko."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na nakiri kwamba mmoja wa waliocheka alikuwa na sambaza mkononi. Munyemana alitazama mikono yake mikubwa. Alitaka kusema kwamba hakuna mtu katika Rusizi nzima aliyewahi kuyachunga mafuta ya mwenzake kama yeye. Kwamba anaumwa mgongo na magoti kwa kuzikimbiza zile kona ili moteri isikae ikiwaka bure. Lakini alichotoa kilikuwa kingine kabisa.

"Gari ndiyo iko na ugonjwa. Tubadilishe. Mi nichukue ya Karim, yeye achukue yangu. Utaona mwizi ni nani."

Mukamurenzi akakubali papo hapo. Wakangojea siku tatu.

Ee, ndugu zangu! Dyna ya bluu, mikononi mwa Karim, ilijazwa lita arobaini. Na ile nyeupe, iliyokuwa na adabu zake miaka yote, mikononi mwa Munyemana ikanywa hamsini na nane. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na makalio yake. Karim mwenyewe aliona haya, akamsogelea pembeni: "Papa, mi sikusemaka kitu ku Maman. Haki ya Mungu." Munyemana akampiga bega kumtuliza. Ushahidi aliouomba mwenyewe ulikuwa umemgeukia.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyemwambia neno kanisani. Kwaya iliimba, mahubiri yakaisha, ukafika wakati wa sadaka. Munyemana akainuka kama kawaida, akanyoosha mkono kuchukua kikapu pale mezani. Kikapu hakikuwepo. Kilikuwa tayari mikononi mwa Nsengiyumva, upande wa pili, na Nsengiyumva anatazama sakafu. Munyemana alibaki amesimama peke yake muda wa ubeti mzima wa wimbo. Kisha akakaa, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini.

Walipofika nyumbani Gracia alivua kitenge chake cha kanisani, akakikunja, ndipo akauliza.

"Uliiba?"

"Gracia!"

"Niko nauliza mara moja tu, nisirudilie tena maisha yangu yote."

"Sikuiba."

"Basi." Akampakulia ugali na sombe, yale majani ya muhogo, akamsogezea pilipili. Baadaye akasema, "Kama haukuiba, na mafuta iko inaenda, basi iko inaenda fasi. Acha kulia, tafuta ile fasi."

Lakini apatafute wapi mahali hapo? Alilala chini ya gari, akapapasa mabomba yote, hakuona hata tone. Jumatano Mukamurenzi akamwambia la mwisho: kesho, siku ya tatu, siku ambayo tanki linakaribia kukauka, atapanda naye kabini kutwa nzima. Alitaka kumshika mwizi. Munyemana, yeye, alifurahi! Usiku ule alimwambia Gracia, "Kesho ataona mwenyewe vile minachungaka mafuta yake."

Na kweli akamwonyesha.

Alhamisi asubuhi walipanda Gitambi, wakapakia makreti ya nyanya, wakashuka ile njia ya udongo, wakashika lami. Hapo Munyemana akanyoosha kiatu chake cha kulia. Sitini. Sabini na tano. Tisini. Kwenye kona alikanyaga breki mpaka nyanya za nyuma zikaja kugonga kabini, kona ikiisha alikanyaga mafuta mpaka za mbele zikarudi nyuma. Mukamurenzi alishika mkoba kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono mwingine, midomo inachezacheza. Alikuwa kwenye Zaburi ya ishirini na tatu, na kila wakifika bonde la uvuli wa mauti alianza upya. Munyemana alimtazama kwa jicho la pembeni, akatabasamu kwa unyenyekevu. Aliona anahesabiwa haki.

Safari ya pili, wakiwa bado mbali na mpaka, taa ndogo ya njano ikawaka chini ya mshale wa mafuta. Munyemana aliiona. Akakanyaga zaidi.

"Papa Munyemana! Mbona unaongeza?"

"Si taa inawaka, Maman! Mafuta iko karibu kuisha!"

"Sasa?"

"Sasa tufike mbele haijaisha!"

Mukamurenzi aligeuka akamtazama. Alitazama jasho lililokuwa likimtoka kwenye nywele za mvi, yale macho yaliyokazwa barabarani kwa uaminifu wa ng'ombe wa kulima, ile mikono iliyoukumbatia usukani kwa kuhangaikia mazutu ambayo si yake. Amefanya biashara miaka ishirini mpakani, wezi anawajua wa kila rangi. Hajaona mwizi anayeweza kubuni utetezi wa namna hiyo.

"Simama," alisema.

"Maman, tukisimama moteri itakunywa bure..."

"Nasema simama!"

Akasimama. Mukamurenzi alishuka, akapumua, akakaa juu ya jiwe kando ya barabara. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Munyemana alidhani analia, akashuka mbio kumtuliza. Alikuwa akicheka, mpaka leso ikamwanguka.

Hata hivyo mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Kicheko hakikumfanya asahau bido. Walipomaliza kushusha mzigo walikwenda moja kwa moja gereji kwa Néhémie, fundi kutoka Bukavu, mtu mfupi asiyecheka ovyo kwa sababu ya mapengo ya meno. Munyemana akaeleza sheria ya Mirindi, taa na yote. Néhémie alimsikiliza akifuta mikono.

"Papa, weye unaogaka mu Kivu?"

"Mu ziwa? Tangu utoto."

"Ingia mu maji mpaka hapa," Néhémie akajigusa kifua. "Tembea polepole. Inakusumbua?"

"Apana."

"Sasa kimbia."

Munyemana akajishika mapaja. Alikuwa ameshakimbia ndani ya yale maji, kichwani, na alijua yanavyomshika mtu mapaja.

"Ule upepo wa mbele ya gari iko vile maji," alisema Néhémie. "Ukiongeza mbio mara mbili, haikusukume mara mbili. Inakusukuma mara ine. Moteri iko inapigana nayo, na ile vita iko inalipwa na mazutu. Na kila mara unakanyaga breki, ile mbio yote ulinunua na mafuta unaitupa mu magurudumu, inakuwa moto tu. Kona imeisha, unanunua ingine. Taa ya Mirindi haina upepo mbele yake, Papa. Haina breki. Shika hamsini na tano, sitini, gia ya juu, na ukiona kona ku mbali, ondoa muguu mapema."

Mukamurenzi alikuwa tayari amesimama. "Siku tatu," alisema. "Mi mu kabini. Kama tanki inajaa chini ya arobaini na tano, mi nitajua nilikosa. Kama inapita, funguo unaiacha hapa juu ya meza ya Néhémie, na mambo ya kanisa mi nitaisema kanisani."

Mngedhani Munyemana alifurahi. Hapana. Jioni ile alikaa kizingitini, hakula. Maana ikiwa fundi alisema uongo, yeye ni mwizi. Na ikiwa fundi alisema kweli, basi kwa miaka thelathini alikuwa amewachomea watu mafuta huku akijisifu, tangu Bukavu, tangu wakati wa zile chupa za kadafi ambapo kila tone lilitafutwa kwa machozi. Ni mara ngapi alisukuma gari usiku wa mvua kwa sababu ya sheria ya Mirindi? Alijaribu kuhesabu, akaacha.

Gracia akaja akakaa karibu naye. "Mwizi na mujinga, unataka kuwa nani?"

"Sitaki kuwa mumoja."

"Mujinga banamusamehe Jumapili ileile," alisema Gracia. "Lala."

Siku ya kwanza, tanki likiwa limejazwa mpaka shingoni, alitambaa kwa hasira. Alikwenda thelathini kwa gia ya pili, moteri inalia kama mbuzi wa sikukuu, mpaka Mukamurenzi akapiga dashibodi. "Fundi alisema polepole, hakusema tukufe! Gia ya juu, Papa!" Basi akapanda gia, akaacha mshale wa mwendo usimame kwenye hamsini na nane, akaondoa uzito mguuni. Moteri ikanyamaza. Ilikuwa ikinguruma tu kwa chini, kama paka aliyeshiba, na kwa mara ya kwanza katika njia ile alisikia nyanya zinavyokwaruzana nyuma.

Lakini aibu! Pikipiki zikampita. Basi dogo likampita, kondakta akatoa kichwa: "Papa Radi, umegonjwa?" Kwenye mteremko mmoja akapitwa na baiskeli iliyobeba mikungu mitano ya ndizi, na hapo sitii chumvi, teremkeni mkaone wenyewe zile baiskeli. Munyemana alikaza usukani. Kiatu cha kulia kilimwasha. Siku ya pili Karim, aliyekuwa nyuma yake, alimmulika taa amruhusu apite. Karim! Mukamurenzi akasema, macho mbele, "Muache apite." Akamwacha apite.

Jambo moja lilimshangaza. Walikuwa wakichelewa dakika kumi na tano tu, na bado walifika mpakani mamaa wa Bukavu hawajavuka. Miaka yote ile alikuwa akikimbia ili aje alale chini ya gari akiwangoja.

Siku ya tatu, safari ya mwisho, taa ya njano haikuwaka. Munyemana aliinama kuitazama, akaigonga kwa kidole akidhani imekufa.

Kituoni tulikuwa wengi kuliko magari. Karim alikuwepo, Néhémie na matambara yake, Gracia amesimama mbali kidogo, amekunja mikono. Mimi nilikuwepo kwa ajili ya historia. Mpira ukaingizwa, namba zikaanza kukimbia. Ishirini. Thelathini. Munyemana alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili. Thelathini na tano. Thelathini na nane. Thelathini na tisa, na bado mazutu yanaingia, na nilimwona akifumba macho. Arobaini. Nukta tatu, nukta sita. Mpira ukaruka: tak! Mazutu yakaonekana shingoni.

"Arobaini na nukta sita," alisema mjazaji.

Munyemana hakuruka, hakupiga kelele. Aliweka mkono juu ya boneti ya ile Dyna, akauacha pale. "Nilikuwa nakuchosha bure," aliiambia. "Na batu nao."

Mukamurenzi ana ulimi mkali, lakini si wa upande mmoja. Alisubiri Jumapili. Wakati wa matangazo akasimama mbele ya kanisa lote, akasema, "Papa Munyemana nilimuita mwizi mbele ya batu, na leo ninasema mbele ya batu: si mwizi. Mafuta yangu aliichoma njiani, yote, kwa moyo safi." Watu wakacheka, na safari hii Munyemana naye alicheka, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Nsengiyumva alivuka kanisa zima, akamwekea kikapu mikononi.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Naandika haya mezani kwa Munyemana, chai yake mbele yangu, naye amesimama nyuma ya kiti changu akinyoosha mgongo na kusoma. Nimalizie kwa kuwaambia alivyo sasa. Tangu siku ile Munyemana anaendesha kwa upole ambao haujawahi kuonekana katika nchi yenye vilima. Wiki jana alipakia mayai mia tatu Gitambi, na mwendo ulikuwa wa kubembeleza hivi kwamba alipofika Rusizi II yote yalikuwa vifaranga, na vinamjua kwa jina. Tena walipofungua tanki wajaze, mjazaji alishtuka, maana mafuta yalikuwa yamezidi yale ya asubuhi kwa lita mbili kamili, na Mukamurenzi akateka moja akampa Karim, na iliyobaki mimi mwenyewe nikaichuku...

"Lita mbili gani, Ladislas? Futa."